Nyekundu Ngapi?

Swali la pili, alama ishirini:
"Mzazi ni mwalimu wa kwanza wa mtoto. Jadili,
ukirejelea vitabu visivyopungua vitano."
Nimekaa maktaba, Tunguu, feni inazunguka kwa kusuasua kama mwenye deni,
na vitano nimevipata. Vyote vinakubaliana.
Vyote vina baba asomaye gazeti mezani
na mama amsomeaye mwanawe hadithi kabla ya kulala.

Kwetu Konde meza ilikuwa moja, ya kuwekea jiko la mafuta.

Mama hakujua kusoma.
Siku ya ripoti aliipokea kwa mikono miwili
kama anayepokea sahani ya moto,
akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza,
akauliza swali lake moja:
"Nyekundu ngapi?"

Zilikuwa tatu. Hesabu, Kiingereza, Jiografia.
Nikasema mwalimu kalamu ya buluu ilimwishia.
Akanitazama.
Akaikunja karatasi mara nne,
akaitia kwenye kopo la maziwa vinamokaa vyeti vyetu vya kuzaliwa.
"Mwambie nitamnunulia nyingine."
Asubuhi nikaikuta mkobani, mpya, ina kifuniko chake.
Ningempelekea nani?
Niliiandikia mwenyewe mpaka ikakauka.

Hilo, enyi waandishi watano, mmeliweka sura ya ngapi?

Msimu wa karafuu darasa lilibaki nusu.
Usiku tulikaa mkekani tukichambua,
karafuu huku, makonyo kule,
na harufu ikatufuata hadi kwenye madaftari.
Mama alihesabu pishi kwa vifundo vya kamba,
akazidisha, akatoa la dukani, akatoa la mwenye mzani,
akabakisha la ada, na la chumvi,
wala sikumwona akikosea.
Mimi, wa nyekundu ya Hesabu, nilimshikia taa.

Baba alikuja Alkhamisi. Siku nyingine alikuwa Mtambwe
kwa mke mwenziwe mama.
"Chuoni mmefika juzuu gani?"
Akanisikiliza kafumba macho, na nikiteleza aliniokota kwa upole.
Ya skuli hakuyauliza.
Si kwamba hakuyapenda;
aliogopa jibu ambalo lingetaka pesa.

Kaka yangu Kombo alipanda mkarafuu akiwa kidato cha pili
na hakushuka.
Sisemi alianguka. Nasema hakushuka:
msimu ukaisha, akapanda mwengine, na mwengine,
na ada yangu ikawa inadondoka kutoka kule juu
shada kwa shada.
Siku ya safari alinibebea sanduku hadi bandarini Wete.
"Huko utafundishwa nini hasa?"
Ualimu, nikasema.
"Wa kumfundisha nani?"
Boti ikapiga honi. Nilishukuru ile honi.

Jana nimepiga simu. Mama, ulitufundisha vipi sisi?
"Mimi? Mimi nilikuwa na kazi."
Akampa simu mdogo wangu Raya,
naye akaninong'oneza kuwa mama siku hizi
hupanga karafuu juu ya mkeka, moja moja, ikawa herufi M,
kisha huifuta kwa kiganja
mtu akibisha hodi.

Nimeandika kurasa nne.
Vitabu vitano vimo, kwa mpangilio wa alfabeti,
na chini yao nimeongeza cha sita:
Mize Shaame Kombo. Konde. Mazungumzo ya usiku, mkekani.
Bila mwaka. Bila mchapishaji.

Kazi imerudi leo. Mhadhiri amelizungushia duara jina lile:
"Chanzo hiki hakithibitiki."

Nimeikunja mara nne.
Nikirudi likizo ataipokea kwa mikono miwili,
ataisogeza mlangoni, ataniuliza,
na safari hii sitamsingizia mtu kalamu.
Moja, mama. Moja tu.
Imekaa juu ya jina lako.